Magoti Yangu Juu ya Kaunta ya Mninga

Jamani, leo aibu imenikuta nimepiga magoti. Wala sikuwa kanisani.

Mnaonifuata humu mnaijua vita ya jiko langu. Tulipokarabati nyumba hapa Iringa, mume wangu, Baba Neema, alitaka kaunta ya marumaru kama majirani wote. Mimi nikataka mbao. Nilishapanga nyumba yenye marumaru jikoni. Ukiegemeza kiwiko alfajiri ya Julai unadhani umeegemea barafu. Nikaenda kwa seremala, nikachagua mbao za mninga mwenyewe, nikizigonga na kuzinusa kama mtu anayenunua tikiti maji. (Sijui nilikuwa nasikiliza nini. Ila nilitikisa kichwa kwa busara.)

Baba Neema hakuridhika. "Mbao ni za dari na majeneza," alisema. "Jikoni zitaoza."

Tukabishana mpaka tukaafikiana: mama yake aje kutoka Uyole, aione kaunta, aamue. Akisema ing'olewe, inang'olewa, marumaru zinabandikwa. Hukumu ya mama haina rufaa.

Mama alikuwa anafika leo mchana.

Kaunta ilikuwa na kasoro moja tu: duara jeusi karibu na dirisha, pale nilipotua sufuria ya maharage ikiwa ya moto. Asubuhi nikalipiga msasa mpaka likatoweka. Hapo ningeweza kuacha. Mbao zilikuwa safi, zinanukia. Lakini mimi ni yule mtu anayeongeza chumvi kwenye mchuzi uliokwisha kukolea. Nikafungua kopo la vanishi lililobaki, nikapaka kaunta nzima ing'ae.

"Inakauka upesi," kopo lilisema. Kopo halijawahi kuishi Iringa mwezi wa saba, ambako soksi huanikwa leo zikavaliwa keshokutwa. Nikafungua madirisha yote, nikapepea kwa sinia kama muuza mahindi ya kuchoma. Baadaye nikagusa kwa kidole. Kavu! Nikacheza kidogo. (Siwaonyeshi nilivyocheza.)

Kumbe vanishi ya kwenye baridi ni kama ugali wa shule ya bweni. Juu umekaza, ndani mbichi.

Ikabaki kuteremsha vikombe vya wageni na birika lake. Kila nyumba yenye heshima zake ina vikombe ambavyo wenye nyumba hawaruhusiwi kuvinywea. Vyangu viko rafu ya juu kabisa, ili watoto wasivifikie. Hata mimi sivifikii. Nikapanda kaunta, nikapiga magoti, nikanyoosha mkono. Uzito wangu wote (hamwambiwi) ukashuka kwenye magoti, na magoti yakashuka kwenye vanishi, kitenge kikiwa katikati.

Birika nikalipata. Nikataka kushuka. Kitenge kikakataa!

Nikavuta goti la kulia. Kaunta ikalia kraaa, nikaacha haraka. Nibandue vanishi hakimu akiwa njiani? Nikapata wazo: nifungue kitenge, nishuke na gagulo, nikimbilie chumbani. Mkono ulikuwa tayari kwenye fundo niliposikia:

"Hodi humu ndani!"

Mama mkwe. Amepitia mlango wa uani. (Kwetu mlango wa mbele ni wa mchungaji.) Nyuma yake Baba Neema, na nyuma ya Baba Neema dereva wa bajaji, kiroba cha mchele wa Madibira begani.

Mkono ukaliachia fundo.

Sasa mnielewe. Mimi ni Mhehe niliyeolewa Unyakyusani. Mama mkwe anasalimiwa kwa magoti, macho chini, na miaka yote hii sijakosea. Hata leo magoti nilikuwa nimeshapiga! Ila nilikuwa juu yake, mgongo nimempa, kichwa kinakaribia dari.

"Shikamoo, mama," nikaiambia rafu.

"Marahaba," akaitikia mwishowe. "Mimi niko huku, mkwe wangu. Huyo unayemsalimia ni birika."

"Mama Neema!" Mume wangu alishikwa na haya kuliko mimi. "Shuka umsalimie mama!"

"Sishuki."

"Hushuki?"

"Siwezi, Baba Neema. Nimeganda."

Dereva wa bajaji hakuwa na habari na vita yetu. Bega lilikuwa linamuuma. "Samahani, wazazi, mzigo naweka wapi?" Hakungoja jibu. Akakitua kiroba juu ya kaunta, pembeni ya goti langu. Puu!

Wote tukasikiliza. Kaunta haikutikisika. Hata vikombe havikulia.

Mama mkwe akasogea. Akaipiga kaunta kwa kiganja. Akainama kuchungulia chini yake, kama anayekagua ng'ombe mnadani. Kisha akamwita mwanawe kwa jina alilompa mwenyewe, jambo ambalo halijawahi kumletea heri.

"Ambwene. Hizi ndizo mbao unazosema zitaoza?"

"Ndiyo, mama, ila..."

"Ila nini? Zimembeba huyu." Akaninyooshea kidole, kikanipima kuanzia kisigino mpaka kisogo. "Na mchele juu! Marumaru zako zingekuwa zimeshapasuka." Akaegemeza kiwiko kwenye kona ambayo brashi yangu ilisahau. Akatulia, akakiacha hapo hapo. "Tena hazina baridi. Asiziguse mtu."

Nimeshinda, jamani! Nilitaka kuruka. Sikuweza.

Wanaume wakafukuzwa jikoni. Mama akanifunga khanga yake, akanifungua kitenge, nikashuka. Nikapiga magoti upya, mara hii sakafuni, na yeye akakibandua kitenge polepole kwa kisu cha mkate, akicheka mpaka akalazimika kukaa. Chai tumeinywa kwa vikombe vya wageni, mimi nikiwemo. Ushindi una raha zake.

Kiroba bado kimeganda; tunachota mchele hapo hapo. Na kwenye kaunta yamebaki mabonde mawili ya magoti, yamechapwa maua ya kitenge vizuri kuliko kiwandani. Nimesema kesho nitayapiga msasa. Mama amekataa katakata: "Yaache. Watu waone kwamba nina mkwe mwenye adabu."

Kwa hiyo mkija kwangu, chapati zinasukumwa upande wa kulia. Upande wa kushoto ni wa salamu, na atakayecheka atanywea kikombe cha plastiki.