Wanafalsafa Walivyonipigia Kampeni

Jumatatu, 6 Mei
Mwenyekiti wa jengo letu amehama. Uchaguzi Jumapili. Wagombea wawili: mimi, mtunza maktaba ya chuo kwa miaka kumi na tisa, na shemeji yangu, fundi bomba. Shemeji hajasoma kitu zaidi ya maelekezo ya pampu. Nimeazima maktabani kitabu kinene cha wanafalsafa wa zamani. Nikajigongea muhuri mwenyewe. Mke wangu akauliza kama hao wazee wanajua kwamba maji hayapandi kwetu ghorofa ya tatu wiki ya pili sasa. Nikafungua ukurasa wa kwanza. Mke wangu ni dada yake shemeji, lazima amtetee.

Jumanne, 7 Mei
Hazina. Mmoja wao alisema nchi ni kama meli: usukani hapewi kila abiria, hupewa anayejua kazi. Nimewasomea wapangaji pale kwenye ngazi, polepole, mkono kifuani. Bibi wa ghorofa ya kwanza akaniunga mkono kwa moyo wote. Akasema kweli tupu, mambo ya maji aachiwe anayeyajua maji. Wote wakamgeukia shemeji, aliyekuwa anapita na spana. Huyo mwanafalsafa simtumii tena.

Jumatano, 8 Mei
Nimepata mwingine, aliyeona waliosoma wapewe kura zaidi ya moja. Huyu ndiye mtu. Nimetunga mtihani wa maswali kumi. Atakayepata saba, kura mbili. Muuguzi wa ghorofa ya pili, anayesimamia uchaguzi, amekubali ilimradi na wagombea wafanye, naye asahihishe. Sikuona tatizo.

Alhamisi, 9 Mei
Mke wangu kumi. Bibi nane. Shemeji saba. Mimi sita.
Swali la tano lilikuwa na mtego. Niliutega mimi.
Nimemweleza muuguzi kwamba mtihani haupimi hekima. Akasema ndivyo alivyofikiri tangu jana, akaufuta. Shemeji akanipa pole. Hiyo pole ndiyo iliyoniuma.

Jumamosi, 11 Mei
Jana nilisoma siku nzima. Yupo aliyefundisha kwamba kabla ya kutenda ujiulize ingekuwaje kama kila mtu angetenda hivyo. Nikapata wazo. Nimemwambia shemeji, mbele ya watu, kwamba mgombea kujipigia kura ni ubinafsi. Basi yeye anipigie mimi, nami nimpigie yeye. Akanishika mkono palepale. Watu wakapiga makofi. Mke wangu alinitazama kama alivyonitazama siku ya harusi.
Bila shaka nitajipigia mimi. Kura yake na yangu, tayari nimemwacha mbali.

Jumapili, 12 Mei
Muuguzi akasoma matokeo. Shemeji kumi na nne. Mimi mbili.
Mke wangu akauliza, kwa upole ambao siupendi:
"Moja ni ya kaka yangu, maana yeye akiahidi ametimiza. Na hiyo ya pili, baba, ni ya nani?"
Nikasema kura ni siri. Nikasema hata wahenga waliiheshimu siri ya kura.
Bibi akasema si yake, asisingiziwe. Muuguzi naye akasema si yake. Wakaendelea hivyo, mlango kwa mlango, watu kumi na wanne. Mwisho wakabaki wananitazama mimi. Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo palipokuwa pabaya.

Jumatatu, 13 Mei
Maji yamefika ghorofa ya tatu saa moja asubuhi. Mke wangu amejaza kila ndoo isipokuwa yangu.
Shemeji alipanda, viatu mkononi asituchafulie sakafu. Akasema yaliyopita si ndwele. Akasema yeye kuandika hajui vizuri, angefurahi nikiwa katibu wake, niweke kumbukumbu za mikutano. Nilikubali kwa unyenyekevu.
Alipotoka nikafungua kitabu. Yupo mmoja anayesema kiongozi si lazima awe mwema, inatosha aonekane mwema. Na atakavyoonekana mtu katika jengo hili, sasa naandika mimi.
Nimeanza na kumbukumbu za uchaguzi wa jana. Mpaka sasa nina kura sita.