Mjusi Chini ya Jiko Langu

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye tanuri la chokaa kaja tena na kamba yake ya kupimia. Anataka mwamba wote, hata huu uliobeba jiko langu. Ati nitajengewa kwingine. Nikamwambia wanangu wote nimewazalia juu ya jiwe hili, akachome la mama yake. Jirani yangu Bi Mbiu alicheka hadi kilemba kikamvuka. Uwanja wake udongo mtupu, nani ataugusa?
Ila sokoni wanasema penye mifupa ya wanyama wa kale hapachimbwi chokaa. Basi mifupa itapatikana.

Jumanne, 4 Machi
Mwenye bucha kanipa goko la fahali, mfupa mzima wa muundi. Nimelichemsha, nimelipaka majivu, nimelipachika kwenye ufa wa mwamba. Limezeeka kunishinda! Nimemwita mtaalamu wa mifupa aliyepiga kambi ng'ambo ya kilima.

Alhamisi, 6 Machi
Mtaalamu ni binti, mwembamba kama ufito. Nikamlisha kwanza. Akapiga magoti, akaniuliza kwa adabu: bibi, mnyama huyu wa kale alikatwa kwa msumeno? Nikamjibu zamani kulikuwa na mambo. Bi Mbiu, mdakuzi asiyealikwa, akapiga kigelegele. Aibu!
Lakini binti hakuondoka. Kando ya goko kaona meno, ndani ya jiwe lenyewe. Anasema mwamba huu ulikuwa tope la bahari, na huyo ni mjusi wa majini, mrefu kuliko lori. Nikasema, si nilikwambia?

Ijumaa, 7 Machi
Mwenye tanuri kakunja kamba yake, kaenda zake. Nimepita mlangoni kwa Bi Mbiu nikienda dukani. Sikuwa na cha kununua.

Jumapili, 9 Machi
Balaa! Binti kafuata mgongo wa mjusi kwa vigingi mpaka mlangoni pangu. Mkia uko chini ya jiko. Jiko livunjwe, mkia utolewe! Alilia akinieleza. Nikamfuta machozi, mtoto wa watu, kosa si lake. Jumatano wapimaji wanakuja kuchora mipaka ya kuchimba kwa kufuata vigingi hivyo.

Jumatatu, 10 Machi
Nimemtangulia jogoo. Vigingi vinang'oka vyepesi kama magugu. Sasa mjusi akifika jikoni kwangu anakata kona, anaingia bandani kwa kuku wa Bi Mbiu. Nimemuuliza binti, nani aliapa kwamba alilala amenyooka? Anatazama udongo kwenye kucha zangu. Nimemwambia nilikuwa napalilia. Kauliza, bibi, unapalilia jiwe?
Sawa. Kesho nahamisha na kichwa, mjusi anyooke.