Sikula, Nilionja Tu

Leo nimeaibika mbele ya watu kumi na wanne, muuguzi mmoja na mke wangu. Nawaandikia mwenyewe kabla hamjasikia kutoka mjini kwetu Kamembe, maana huko habari huongezwa chumvi. (Hii yangu ina sukari ya kutosha. Endeleeni kusoma.)

Wanaonijua wanajua kazi yangu. Nauza asali. Inatoka kijijini Gikundamvura kwa madumu, nami naiuza kando ya barabara ya kushukia mpakani, kwa akina mama wanaovuka kwenda Bukavu, upande wa Kongo. Wanaonijua zaidi wanajua pia kwamba nina ugonjwa wa sukari tangu mwaka jana. Nameza vidonge. Mwezi uliopita muuguzi wa kituo chetu cha afya aliniambia sukari isiposhuka tunaanza sindano za insulini. Kila siku. Tumboni.

Mimi naogopa sindano. (Binti yangu Furaha alipochomwa chanjo ya kwanza, aliyeanguka ni mimi.)

Kwa hiyo nikaacha sukari. Kabisa! Soda nikaacha. Mandazi nikaacha. Chai nikaanza kutia asali, vijiko vitatu, kwa sababu sukari inatoka kiwandani na asali inatoka kwa nyuki, na nyuki hana nia mbaya na mtu. Maneno hayo niliwaambia hata wateja wangu, na waliyapenda.

Mke wangu, Maman Furaha, hakuyapenda. Aliweka asali ya nyumbani kwenye kabati na kunikataza kuigusa. Asali ikaendelea kupungua. Nikamwambia ni sisimizi. Wiki tatu mama wa watu amepigana na sisimizi: majivu mlangoni, miguu ya kabati ndani ya vikopo vya maji. Wamekufa wengi.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kupimwa. Sharti lilikuwa moja, nisile kitu tangu jana usiku. Sikula. Niliamka, nikanywa maji, nikaenda kuuza kidogo kabla ya saa yangu kufika. Mpaka hapo mimi ni malaika.

Sasa, kwetu huwezi kumpa mtu kinywaji au asali kabla hujaionja wewe mwenyewe mbele ya macho yake. Wanyarwanda wanaita gusogongera. Unaonja, mteja anaona hujaanguka, ndipo naye anaonja. Usipoonja anaondoka, hata umuapie mama yako. Mimi huchovya kidole cha shahada cha mkono wa kulia, naramba, natabasamu. Asubuhi hii walikuja wateja saba.

Kuonja si kula. Nani amewahi kushiba kwa kuonja? Nikafuta kidole kwenye suruali (usafi ni usafi), nikaenda kituoni.

Benchi lilikuwa limejaa. Mke wangu alishafika, kuhakikisha sitoroki. Kando yake alikaa Mzee Rukundo, mteja wangu wa siku nyingi, naye ana sukari kama mimi. Kwetu kipimo hicho hufanyika mezani, mbele ya benchi, na wote wanasikia.

"Papa Furaha, ulikula kitu?" muuguzi akauliza.

"Maji tu, Dokta. Uliza bibi yangu."

"Hakukula kitu," Maman Furaha akasema. "Nilimuangalia mi mwenyewe na macho."

Nikatoa kidole. Kile kile. (Kimezoea kutangulia.) Nikafumba macho, akakichoma, akaweka tone la damu kwenye mashine. Nikafumbua jicho moja. Muuguzi alikuwa anaitikisa mashine.

"Inakataa kutoa namba," akasema. "Sukari yako imepita mwisho wa mashine. Papa, uko nasikia kizunguzungu?"

Sikuwa nakisikia. Alipokitaja, nikakisikia.

Wakanilaza kwenye benchi. Watu walisimama wote kunipisha. Muuguzi akakimbia kumwita mwenzake na kuuliza kama gari la wagonjwa lipo. Mama mmoja akaanza wimbo wa kanisani, ule tunaoimba msibani. Hapo nikajua yamekwisha, na mimi ni Mkristo, siwezi kuondoka na mzigo. Nikamshika mke wangu mkono.

"Maman Furaha, unisamehe. Haikukuwa basisimizi."

"Unasema nini?"

"Ile asali ya mu kabati. Haikukuwa basisimizi. Ilikuwa miye."

Wimbo ukapungua.

"Na kuko chupa ingine," nikasema. "Mu bote yangu ya mvua. Ile ya kushoto."

"Mu bote!"

"Kila asubui, vijiko tatu. Na mangaribi pia."

Nilitaka nife hapo, bado nina heshima kidogo. Lakini Mzee Rukundo akainama karibu na uso wangu.

"Papa Furaha, si weye uliniambiaka asali ya banyuki haipandishake sukari?"

"Mzee, sikukuwa najua kitu. Nilisema vile juu ununue."

Hiyo ilisikika mpaka dirisha la dawa.

Muuguzi akarudi kupima tena. Akashika kidole changu. Alipotaka kukiachia, glavu yake ilinata kwenye kidole. Akakisogeza puani, akakinusa.

"Papa, hii ni nini?"

"Asali, Dokta."

"Ulisema hukukula."

"Sikukula, Dokta. Nilionja tu."

"Mara ngapi?"

"Bateja saba."

Akaniinua, akanipeleka bombani kama mtoto wa chekechea. Sabuni, mara mbili. Akachoma mkono wa kushoto. Safari hii mashine ikatoa namba. Namba mbaya, lakini namba. Nikaambiwa niamke, sifi leo.

Jamani, sijui niwaeleze vipi uchungu wa kupona ukiwa umeshaungama.

"Asali iko sukari," muuguzi akasema, kwa sauti ya kutosha benchi zima. "Ikifika mu damu, mwili hauulize kama ilitoka kwa nyuki ao ku kiwanda. Inatafuta insulini ya kuiondoa, na yako ni kidogo. Ile ya kwanza tulipima asali ya ku kidole. Hii ya pili njo damu yako weye."

Nirudi Jumatatu, bila kula, bila kuonja, mikono imeoshwa. Hapo ndipo ataamua kuhusu sindano.

Mzee Rukundo alitoa chupa ya asali kwenye koti lake, ile niliyomuuzia, imebaki nusu, akaiweka mapajani mwangu. Hapo niliona aibu ya kweli. Yule mzee aliniamini.

Tulipofika nyumbani Maman Furaha alikwenda moja kwa moja kwenye yale mabuti yangu ya mvua, akatoa chupa kwenye la kushoto. Kisha akaingiza mkono kwenye la kulia, akatoa nyingine. (Hiyo sikuwa nimeiungama. Nilidhani bado nina muda.)

Kuanzia kesho anayeonja mbele ya wateja ni yeye. Mimi ni wa kubeba madumu. Sasa hivi niko mlangoni nafagia majivu, kwa amri. Wamepita sisimizi wawili. Nimewapisha, na nimewaomba radhi.