Mshale Uliofuta Wiki Kumi na Moja

Kwa Mkuu wa Bohari ya Chanjo,
Ghorofa ya pili, mlango usiofunga vizuri.

Ndugu Mkuu,

YAH: KUOMBA MSHALE UWAJIBISHWE BADALA YANGU

Kichwa cha habari hapo juu kinahusika, nami nahusika zaidi, maana barua yako ya jana inasema wazi: wakaguzi wanakuja Ijumaa, na wasipoona kumbukumbu ya joto la friji zetu tatu kwa wiki kumi na moja zilizopita, chanjo zote zitamwagwa na mimi nitahamishiwa stoo ya mashuka. Mke wangu ameisoma barua hiyo. Mama mkwe ameisoma pia, tena kwa sauti. Kwa hiyo naandika nikiwa na akili timamu na njaa kidogo.

Kukumbushana tu: mimi ndiye niliyeiagiza kompyuta isome kipimajoto kila saa na kuandika jibu kwenye faili. Maagizo niliyaweka kwenye skripti, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta huzifuata yenyewe bila kusukumwa. Unaandika amri ya kusoma joto, unaweka mshale huu, >, halafu jina la faili. Jibu ambalo lingetokea kwenye skrini linaingia kwenye faili. Kazi safi. Nilipigiwa makofi kikaoni, na wewe mwenyewe ulipiga, nilikuona.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Mshale hauna adabu. Kila ukiandika joto jipya, unafuta lililotangulia. Wiki zote hizo nilidhani faili linanenepa. Juzi nimelifungua nikakuta mstari mmoja: nyuzi nne nukta mbili, saa tatu asubuhi. Mstari mmoja, Mkuu! Sasa ndiyo naambiwa kwamba ukitaka kuongeza bila kufuta unaweka mishale miwili. Ningejuaje? Wewe ukitumwa kuandika kitu kwenye daftari, unaanza kwa kuchana kurasa za jana?

2. Hauna subira. Nimehakikisha kwa macho yangu: faili linafutwa kabla amri haijaanza hata kufanya kazi. Kipimajoto kikigoma, huna la leo wala la jana. Ni kama mtu amwage ndoo nzima ya maji ndipo aende kuangalia kama bomba linatoka.

3. Unabagua. Unabeba majibu mazuri tu. Makosa, mfano "kipimajoto hakionekani", unayaacha yapige kelele kwenye skrini, na skrini yenyewe imegeuziwa ukutani kwa sababu mwanga wake unamsumbua dereva anapojinyoosha mchana. Shemeji yangu, ambaye anajua kompyuta kwa kuwa aliwahi kuuza chaja, alinishauri makosa yote niyapeleke mahali panapoitwa /dev/null. Nikadhani ni ghala. Jana nimekwenda kuyachukua. Hamna kitu! Kila kinachopelekwa huko kinapotea jumla, na hakuna hata karani wa kugombana naye. Shemeji siku hizi hapokei simu.

4. Ule mstari mmoja uliosalia, nikasema angalau niutunze. Nikaiambia kompyuta ilisome faili, ilipange vizuri, iandike humo humo. Kwa mshale. Rejea lalamiko la pili. Sitaki kuliongelea hili zaidi.

5. Mama Daftari. Huyu mtunza friji wetu amekuwa akiandika joto kwa kalamu tangu mimi nasoma shule ya msingi. Skripti yangu ilipoanza, niliomba kwa maandishi aachishwe daftari, nawe ukakubali. Lakini kila siku, asubuhi, mchana na jioni, namwona amesimama mbele ya friji, midomo inachezacheza, kitu amekificha ndani ya koti. Nikisogea anajifanya anapangusa vumbi. Kila akifungua mlango baridi inatoka. Mimi namshuku hujuma. Haiwezekani faili langu life halafu mtu ana amani namna ile. Naomba apekuliwe.

Kwa kuwa majibu ya ofisi huchelewa, nimeanza kuchukua hatua. Nimeng'oa kitufe cha mshale kwenye kibodi zote za jengo hili, kumi na tisa, navyo vimo kwenye kopo la kahawa mezani kwangu. Nilichelewa kugundua kwamba kitufe hicho hicho ndicho cha nukta. Ndiyo maana taarifa ya katibu wako ya kurasa nane ni sentensi moja. Kibodi yangu sikuigusa, ndiyo sababu barua hii inapumua.

Kwa hiyo naomba: mshale upewe barua ya onyo, wakaguzi wakubali kiapo changu kwamba chanjo zilikuwa baridi, maana nilikuwa nazigusa, na Mama Daftari ahamishiwe stoo ya mashuka kwa niaba yangu, kwa vile anapenda vumbi.

Nafanya masihara, Mkuu, lakini Jumatatu akina mama watakuja na watoto mgongoni. Wakiambiwa warudi nyumbani hakuna chanjo, hawatauliza habari za mshale. Watauliza nani alikuwa na kazi ya kuandika.

Ni mimi mtumishi wako, angalau mpaka Ijumaa,

Fundi wa Kompyuta.

Nisalimie katibu wako, umwambie avute pumzi mwenyewe penye nukta. Msalimie dereva, mhudumu wa usafi, mlinzi wa getini na wote wa ghorofa ya pili. Shemeji yangu ukimwona, usimsalimie.

N.B. Nilikuwa nimeshasaini. Mama Daftari ameingia, amesoma barua yote kwenye skrini akiwa amesimama nyuma yangu, lalamiko la tano amelisoma mara mbili, kisha ametoa madaftari matatu ndani ya koti akayaweka mezani. Amenunua mwenyewe. Friji zote tatu, mara tatu kwa siku, wiki kumi na moja, Jumapili zimo. Hata siku mbili ambazo kipimajoto changu kiligoma, yeye alipima kwa kile cha kioo. Mkuu, chanjo zimepona! Tafadhali yafute malalamiko yangu yote. Mshale mmoja unatosha. Vitufe navirudisha leo. Stoo ya mashuka nitakwenda kwa miguu yangu ukiona inafaa.

Ameniuliza tu kama nimekula. Alipotoka nimefungua ukurasa wa kwanza, siku ile ile niliyopigiwa makofi. Pembeni ameandika kwa kalamu ya bluu: "Saa nane. Kompyuta imefuta joto la asubuhi. Nimemwambia fundi. Amesema nikae na daftari langu. Nimekaa nalo."