Daktari wa Spika na Sala ya Pikipiki

Mchungaji Leland aliposema, "Wapendwa, tuvue kofia, tuinamishe vichwa, tufumbe macho," waendesha pikipiki mia na ushei walitii kama watoto wa chekechea. Odell Prewitt naye alitii, ila nusu. Alifumba jicho moja. La pili lilikuwa kazini.

Kila mwaka, kabla msimu wa safari haujafunguka, pikipiki zote kubwa za kaunti hujipanga uani mwa kanisa pale Tolliver, Texas, zibarikiwe. Na sala ya Mchungaji Leland haijui haraka: huanzia tairi la mbele, ikapanda kwenye breki, ikazunguka kwa wajane, ikaishia kwa madereva wa malori wasiotazama vioo. Wengine waliiona ndefu. Odell aliiona saa za kazi.

Alinyata kati ya mashine. Kifuniko cha ubavuni hutoka kwa kuvutwa tu. Ndani kuna amplifaya ya spika za redio, na kwenye amplifaya kuna waya mweusi unaofungwa kwenye fremu. Akaulegeza kidogo, akasonga mbele. Hakukata, hakuvunja. Mtu wa maadili. "Amina" ilipofika alikuwa ameegemea gari lake la mizigo, lililoandikwa DAKTARI WA SPIKA, kofia kifuani, machozi yakimlenga.

Injini zikawashwa, redio zikafunguliwa, na badala ya magitaa ukasikika mlio wa mbu. Ukiongeza mafuta, mbu naye anapandisha sauti. Na jioni hiyohiyo kulikuwa na mashindano ya spika! Watu wakashika vichwa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Royce Tackett, muuza magari, mwenye tumbo lililotangulia ndevu zake.

"Daktari! Mashine yangu inalia!"

Odell akaweka sikio kwenye spika kama mkunga. Akatikisa kichwa polepole.

"Bosi, kaa chini kwanza."

"Nimekaa juu ya pikipiki, hunioni?"

"Spika zimekufa. Sumaku imeoza."

"Sumaku inaoza?"

"Unyevu wa bahari ya Ghuba, bosi. Unaingia kama mkwe: haubishi hodi, hautoki."

"Lakini nimezifunga Krismasi tu!"

"Ndio umri wao mbaya."

Dawa ilikuwa rahisi. Odell angemfungia mpya kwa bei ya kutupa, na zile maiti angezizika mwenyewe, bure, maana sumaku iliyooza huambukiza. Hizo mpya zilikuwa plastiki tupu iliyovishwa wavu wa kung'aa. Ila alipozifunga, akaukaza na ule waya mweusi. Mbu akanyamaza. Royce nusura ambusu.

Kisha Royce akashusha sauti. "Ile nyekundu ya magurudumu matatu, ya Maudine. Kila mwaka ananipokonya kombe. Mwambie zake hazina dawa."

"Bosi! Mimi ni mcha Mungu."

"Nitakuletea sahani ya nyama ya moshi."

"Na mchuzi?"

"Na mchuzi."

"Hazina dawa," alisema Odell kwa huzuni.

Royce hakujua kuwa anamsukuma mlevi kuingia kilabuni. Gari la Odell lilikuwa limeshaanza kujaa spika "maiti" zilizo nzima kabisa, lakini mnunuzi wake wa Dallas alikuwa amemwambia wazi: bila pembe za Hoyt, usije. Hoyt, marehemu mume wa Maudine, alikuwa amezifua kwa mkono wake: spika mbili za shaba, mdomo kama ua la boga, sauti ya kuamsha jogoo. Akizipata hizo, Odell angeacha kuchutama nyuma ya matairi ya watu, afungue duka lenye jina lake kwenye kioo.

Na tazama bahati: Bibi Maudine akaja mwenyewe, mdogo kama kibanio cha nguo, akisukuma ile nyekundu.

"Mwanangu, na zangu zinalia."

Odell akasikiliza, akavua kofia. "Pole sana, mama. Ni mara ya pili unafiwa."

"Uuuh, Hoyt wangu! Basi zichukue ukazizike." Akapangusa jicho, akalitazama gari la Odell. "Lakini mwanangu, unatembea bila kengele?"

Odell hakuwa na kengele. Waendesha pikipiki wa kule husema vijishetani vya barabarani hurukia chombo kutoka chini na kulegeza nati. Kengele ndogo ikining'inizwa chini kabisa, huvinasa. Ila hujinunulii. Sharti upewe, na ukipewa hukatai.

"Ninayo ya ziada," alisema Maudine. "Nitakufungia. Lete spana."

Odell akampa spana kwa mkono wake mwenyewe. (Tunyamaze kidogo hapa, kwa heshima ya wajinga wote waliotutangulia.)

Alipokuwa akifungua pembe, alisikia mguno chini ya gari.

"Unahangaika, mama!"

"Nati imekaza kidogo. Ila inakuja, mwanangu, inakuja."

Pembe zikaingia garini. Odell akaruka kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Tik.

Akazungusha tena. Tik. Kengele ikajibu chini: ting. Akakagua betri, akabadilisha fyuzi, akaigonga starta kwa nyundo, akaitukana, akaibembeleza. Mganga hajigangi.

"Umeutazama ule waya mweusi?" aliuliza Maudine, spana ikizunguka kidoleni. "Wa injini na fremu. Mimi nimezeeka nikiendesha basi la shule, mwanangu. Hata nikisali, shingo inanivuta kuchungulia kioo cha nyuma. Leo nikaona mtu anatambaa."

"Kwa... kwa nini hukupiga kelele?"

"Ungekimbia mikono mitupu. Na maiti za watu ungezizikia wapi?"

Mtu akafungua mlango wa nyuma wa gari. Spika zikamwagika uani.

"Ufufuo!" alipiga kelele mmoja.

"Hata Royce alinihonga nyama nikuulie pembe!" alilia Odell.

Royce akaanza kuchunguza buti zake kana kwamba ni mara ya kwanza kukutana nazo.

Duara likakaza: ngozi, ndevu, mikono minene kama magogo. Mchungaji Leland akajipenyeza katikati, mchuzi wa nyama ya moshi bado kidevuni.

"Wapendwa! Kabla hatujafanya lolote, tuombe. Tufumbe macho."

Hakuna aliyefumba. Mia na ushei walimkazia Odell macho bila kupepesa.

Odell peke yake alifumba, yote mawili. Na kwa mara ya kwanza maishani mwake akaomba kwa moyo wote: sala iwe ndefu.