Sauti ya Mkuu, Saa Nne Kamili

Jumatatu, 3 Machi

Siku kubwa! Mkuu wa Kituo katusomea waraka wa makao makuu. Wahalifu wa siku hizi wanatumia akili bandia. Wanaiga sauti za watu, wanatengeneza picha za mambo ambayo hayajawahi kutokea. Kila kituo cha polisi kifungue dawati la kupambana nao, lenye msimamizi mmoja. Na ofisi yenye mlango! Mkuu alikohoa mara mbili, kama afanyavyo kabla ya kila amri, akasema atamtangaza msimamizi Ijumaa, baada ya kuona nani kajiandaa vizuri.

Kisha habari mbaya. Kaunta ya mapokezi, yaani kaunta yangu, itawekewa kompyuta ya kuchukua maelezo ya wananchi. Atakayekosa kazi atahamia ghala la vielelezo vya kesi, kule nyuma ya vyoo. Kila mtu alinigeukia. Mimi nikatazama dari.

Naogopa ghala, niseme ukweli. Miaka kumi na tisa nimesimama kaunta. Kila simu, kila mgeni, kila mbuzi aliyepotea nimemwandika kwenye kitabu cha matukio kwa mkono wangu. Sijaruka hata mmoja. Watu wananijua. Wapo wanaokuja kulalamika ili tu wapige soga na mimi. Nyuma ya vyoo nitapiga soga na nani?

Mpinzani ni mmoja, Koplo Miwani. Ana miaka minne kazini na anachapa bila kuangalia vidole. Maringo hayo. Nimeshamwambia mke wangu kwamba cheo ni changu. Naye kampigia mama yake palepale. Mama mkwe kashaniombea dua. Sasa sina pa kurudi.

Jumanne, 4 Machi

Koplo kaanza maandalizi. Kabandika karatasi pembeni ya kila simu, yenye namba za maafisa wote. Anasema ukipigiwa na mtu mwenye sauti ya mkubwa anatoa amri, ukate kwa adabu, halafu umpigie wewe kwa namba unayoijua. Basi! Hiyo ndiyo vita yake dhidi ya akili bandia. Karatasi na gundi! Nilicheka mpaka nikapaliwa na chai.

Mimi nina shemeji, mdogo wa mke wangu, fundi simu. Anasema kompyuta yake inaweza kuiga sauti ya mtu yeyote. Mpango ukanijia hapohapo. Alhamisi saa nne kamili shemeji atapiga simu kituoni kwa sauti ya Mkuu. Simu zote hupitia kaunta. Mimi nitamuunganisha kwa Koplo. Mkuu wa bandia atamwamuru akusanye askari wote uwanjani wakiwa wamebeba viti vyao vichwani. Koplo atatii. Wakishapanga mstari, mimi nitatokea na kutangaza kwamba wametapeliwa na kwamba kituo kinahitaji mtu makini. Mtu huyo yuko mbele yao. Makofi.

Shemeji anataka sauti ya Mkuu ya dakika tatu. Tatizo, Mkuu husema maneno manne kwa siku, na mawili ni kikohozi.

Jumatano, 5 Machi

Nimeipata! Niligundua Mkuu anafuga kuku. Nikaingia ofisini kwake na simu mfukoni ikirekodi, nikamuuliza kwa unyenyekevu kuhusu mafua ya kuku. Dakika arobaini! Hajawahi kusema na mimi hivyo tangu aje. Alinishika bega. Karibu nione haya, lakini nikakumbuka ghala.

Nilirudi kaunta nikakuta bibi mmoja analia. Kapigiwa simu kwa sauti ya mwanawe, inasema amekamatwa, bibi atume upesi picha ya hati ya nyumba ili aachiwe. Nikamkalisha, nikafungua ukurasa mpya, nikaanza na jina la ukoo. Nilikuwa bado kwenye mahali pa kuzaliwa Koplo alipopita na kumwuliza bibi kama anayo namba ya siku zote ya mwanawe. Akampigia. Kijana kapokea, yuko kazini kwake, anashangaa mama analia nini. Bibi akamkumbatia Koplo. Akamwita mwanangu.

Dakika mbili tu, na hakuna utaalamu wowote pale! Mtu anapiga simu, mtu anapokea. Nimeyaandika yote kwenye kitabu, ila kwa mwandiko mdogo.

Jioni shemeji kanisikilizisha sauti ya bandia. Ni Mkuu mtupu, hadi kikohozi. Nililala usingizi mnono.

Alhamisi, 6 Machi

Mungu wangu.

Saa nne kamili simu ililia. Nilishajiandaa, nimekunja mikono ya shati. Sauti ikakohoa mara mbili, ikauliza hali ya kituo na idadi ya mahabusu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikamwambia shemeji, umempatia mzee barabara! Hata kikohozi chake cha kutafutia heshima! Sauti ikaniuliza kama najua naongea na nani. Nikapiga meza kwa kicheko. Nikamwambia hapohapo, rudia hivyohivyo kwa Koplo, tena mfokee, na ukiishiwa maneno mwambie habari za kuku, maana mzee huyu akianza kuku hata kuku wenyewe husinzia. Kisha nikamuunganisha.

Nikasubiri viti vichwani. Kimya. Nikachungulia. Koplo alikuwa kasimama wima kama yuko kwenye gwaride, anasema samahani afande, nakata, nakupigia kwa namba yako. Akakata. Akatazama karatasi yake. Akapiga. Akasema ndiyo afande, mahabusu wanne.

Saa nne na nusu simu ililia tena. Shemeji. Anaomba radhi, umeme ulikatika kwake, je, aanze sasa?

Jasho jembamba lilinitoka mpaka soksi zikalowa. Mkuu alikuwa makao makuu, chumba cha mkutano, simu ameiweka sauti ya juu ili wakubwa wasikie jinsi kituo chake kinavyopokea simu.

Ijumaa, 7 Machi

Sikulala, lakini nimepata ufumbuzi. Mkuu kaniita asubuhi. Kabla hajakohoa nikamwahi. Nikamwambia afande, mimi? Nikutukane wewe? Ile haikuwa sauti yangu! Wahalifu wameniiga kwa akili bandia!

Akakaa chini. Akasema kama wahalifu wameweza kuingia kwenye simu ya kaunta na kujifanya sajenti wa polisi, hilo ni jambo zito mno. Nikakubali kwamba ni zito. Nikatikisa kichwa kwa masikitiko. Kumbe mimi ni mwathirika! Nilitoka pale nikitembea kwa madaha.

Mchana Mkuu katangaza msimamizi wa dawati. Koplo Miwani. Wakubwa waliosikia akikata simu ya Mkuu walimpigia makofi. Roho iliniuma, tena sana. Na jalada lake la kwanza limeshafunguliwa. Ni kuibwa kwa sauti yangu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimehojiwa ndani ya ile ofisi yenye mlango. Mlango mzuri, unafungwa bila kelele.

Koplo kaniuliza saa nne Alhamisi nilikuwa wapi. Nikasema kaunta, nikiwa kimya, sikushika simu yoyote. Hakubisha. Akafungua kitabu cha matukio, akasoma taratibu: saa 4:00, simu kutoka kwa shemeji kwa sauti ya Mkuu, kazi safi, nimemuunganisha kwa Koplo. Saa 4:30, simu kutoka kwa shemeji halisi. Mwandiko wangu. Sahihi yangu. Nimeipigia na mstari kwa rula.

Hakunicheka, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mkuu, aliyekuwa kakaa kando yake, alikohoa mara moja tu. Ghala, kuanzia kesho. Mke wangu anasema mama yake atajulishwa na mimi mwenyewe.

Jumanne, 11 Machi

Ghalani. Baiskeli saba zenye kutu, magunia, vyungu, na kiti kisicho na miguu. Mpaka saa mbili na nusu asubuhi nilikuwa nimeshajiongelesha mara tatu.

Kisha Koplo kaja mwenyewe, kaniletea chai. Anasema kompyuta ya kaunta imeanza vibaya. Yule bibi wa Jumatano alirudi asubuhi hii kushukuru, akaikuta mashine, akaondoka. Wazee wanataka mtu. Anasema dawati lake linahitaji msaidizi anayejua kusikiliza watu, na hakuna anayewajua kama mimi. Atamwomba Mkuu leo hii, ana kikao naye ofisini kwake kuanzia saa nne hadi adhuhuri. Ila ameniomba jambo moja: nitulie. Nisifanye lolote. Machozi yalinilengalenga, sitaficha. Nilimshukuru kwa moyo wote.

Lakini Mkuu ni mgumu, na Koplo ni mpole mno kwenye kuomba. Je, akisahau? Je, Mkuu akikataa? Jambo hili linahitaji msukumo. Bahati nzuri simu yangu ilikuwa mfukoni ikirekodi wakati wote anaongea. Dakika sita za sauti safi kabisa! Nimeshamtumia shemeji. Umeme upo, nimemwuliza mara mbili. Saa tano kamili atampigia Mkuu kwa sauti ya Koplo, anisifie ipasavyo, alie kidogo, aseme bila sajenti yule dawati litakufa.

Na saa nimeichagua kwa akili. Saa tano Koplo mwenyewe atakuwa kwenye kikao, kwa hiyo hataweza kutuharibia.