Koti la Theluji na Paka wa Malindi

Jamani, leo nimeadhirika.

Nshaadhirika mara nyingi (nyie mliosoma na mimi mnazijua zote, na hamjasahau hata moja), lakini ya leo imezipita. Nimeketi hapa kwenye duka la intaneti Shangani, Mji Mkongwe, nanuka sabuni na malimau, na kijana aliyekuwa jirani yangu keshahama kompyuta. Namuelewa.

Mnajua kwamba Alkhamis nasafiri kwenda Kanada kwa mume wangu Nassor. Tumefunga ndoa miaka miwili sasa. Miaka miwili ya fomu, mihuri, na simu zinazokatika mtu akitaka kusema neno tamu. Hatimaye viza imetoka. Tiketi iko kabatini, chini ya mashuka ya Mama.

Jumapili Nassor akapiga simu. Alikuwa hapatikani siku tatu, na mimi nilishaanza kuwaza mabaya.

“Kulikuwa na dhoruba ya theluji,” akasema. “Leo ndo imetulia.”

Mimi kwa ujinga wangu nikaiweka simu kwenye spika ili na Mama asikie. Hapo ndipo nilipojikaanga kwa mafuta yangu.

“Mlango haukufunguka, Mama,” Nassor akaeleza. “Theluji imeuziba. Leo nimetokea dirishani.”

“Hiyo theluji si ndo kama ile inayoota kwenye friza?”

“Hiyo hiyo, Mama.”

“Sasa nani kaikwangua yote hiyo?”

Nassor akasimulia. Upepo ulivuma kama mtu analia. Theluji haikushuka kutoka juu, ilikuja ubavuni, kama mchanga wa pwani ukirushwa na upepo, hata nyumba ya ng'ambo ya barabara haionekani. Umeme ukakatika siku ya kwanza. Maji yakaganda ndani ya bomba. Akalala na koti, kofia na viatu kitandani. Jirani yake, bibi mmoja wa Kipolandi anayeishi peke yake, alikuwa na jiko la gesi, basi wakakaa chumba kimoja siku tatu. Bibi akipika supu, Nassor akitoa tende alizopelekewa na Mama. Hawajui lugha moja, lakini tende zimekwisha.

Mama akaanza kulinganisha na dhoruba za kwetu.

“Ni kama ule upepo wa masika ulioezua mabati Jang'ombe?”

“Zaidi, Mama.”

“Kama ile mvua tuliyovuka Darajani maji yako magotini?”

“Yale maji yalikuwa vuguvugu, Mama. Huku baridi inauma.”

Inauma! Neno hilo moja. Simu ilipokatika tu, Mama akanigeukia.

“Huendi.”

“Mama!”

“Huendi mpaka mwezi wa sita, huko kupoe kwanza.”

“Kupoe? Mama, huko kushapoa!”

“Usinchekeshe. Wewe kikiingia kipupwe tu cha mwezi wa saba unavaa soksi na kuoga maji ya moto. Baridi ya huko utaiweza wewe?”

(Ni kweli. Na soksi zenyewe za marehemu Baba.)

Akasema atamwita mama mkwe wangu aje waamue pamoja. Siku gani, sikuuliza. Laiti ningeuliza!

Mama mkwe wangu ni Bi Salma wa Vuga. Anashona kofia za viua, zile za kutoboa tundu moja moja kwa sindano, na yeye mwenyewe amekaa vivyo hivyo, hana uzi uliolegea. Mtu wa udi na heshima. Miaka miwili yote ananipokea vizuri, ananilisha vizuri, na sijapata kumuona akicheka. Nikawaza, wawili hawa wakikubaliana kuwa nisubiri, nimekwisha. Nassor hawezi kumpinga mama yake, na mimi siwezi kumpinga yeyote.

Basi usingizi wa jana sikuupata vizuri, na leo asubuhi nikapata wazo. (Nyie mnayajua mawazo yangu.)

Nina koti. Nililipata Darajani kwenye mitumba, rangi ya chungwa, zito kama godoro, linafika karibu na vifundo vya miguu, na lina kofia nyuma iliyozungushwa manyoya. Muuzaji aliniapia: “Hili, bibi, unalala nalo ndani ya friza.” Nikasema, vyema. Tulipime basi. Nikikaa kwenye barafu nikatoka mzima, Mama atakuwa hana la kusema.

Ami Kombo, mdogo wake Baba, anauza samaki Malindi, na nyuma ya banda lake ana chumba cha barafu. Nikalitia koti kwenye mfuko mkubwa, saa tano nikawa mlangoni kwake.

“Shikamoo Ami.”

“Marahaba mwanangu. Umekuja kuchukua nguru?”

“Nimekuja kukaa naye.”

Nikamueleza. Alicheka mpaka akaketi juu ya mzani. Kisha akafungua mlango.

“Robo saa tu. Ukishindwa, gonga.”

Nikavaa koti juu ya baibui, nikaingia. Mlango ukafungwa puu!

Dakika ya kwanza, raha tupu! Nimetoka kwenye jua la kaskazi linalokausha mate mdomoni, nikajiona niko peponi. Nikaketi juu ya kasha la samaki, nikamtazama nguru, nguru akanitazama. Baadaye kidogo pua ikaanza kuniuma. (Nassor alisema kweli. Inauma.) Halafu vidole. Halafu meno yakaanza kupiga ngoma yenyewe, mimi siyaamrishi. Nikavuta zipu mpaka kidevuni, krrr! Ikakwama hapo. Sikujali. Nilipoinuka kunyoosha miguu nikagonga rafu kwa kichwa, nikasikia kitu kimeanguka nyuma yangu. Nikajua ni kipande cha barafu.

Nikawaza habari ya Nassor na yule bibi. Siku tatu hivi! Na wakapika supu, na wakala tende. Wallahi hapo ndipo woga uliponitoka. Nikajiambia, kumbe baridi ni kitu cha kukaa nacho, mradi usiwe peke yako.

Halafu nikagundua kwamba niko peke yangu. Nikagonga.

Kimya.

Nikagonga kwa ngumi. Nikagonga kwa kiatu. Nikasoma dua zote ninazozijua na moja ya kulia chakula. Mlango ukafunguka, Ami Kombo huyo, macho yamemtoka.

“Lo! Mwanangu, nilikusahau! Nilikuwa nabishana na mtu bei ya pweza. Imepita nusu saa!”

“Nu-nu-nusu saa?”

“Nusu saa nzima.”

Nilipiga kigelegele sokoni, wanaume wote wakageuka. Nusu saa! Mimi wa soksi! Nikamkumbatia Ami, nikashika zipu nilivue koti nikamuoneshe Mama ushindi.

Zipu haikushuka.

Ilikuwa imeuma mtandio wangu, shingoni kabisa, na imeutafuna kweli kweli. Ami akajaribu kwa vidole. Akajaribu kwa sabuni. Akajaribu kwa koleo. Kulivua kwa juu haiwezekani, lingekuja na kichwa. Akachukua kisu cha kuchania papa.

“Nilikate?”

“Usiliguse! Ndo koti pekee nililonalo, na Alkhamis nasafiri!”

Basi nikatoka vile vile. Saa sita kasoro. Jua la kaskazi. Koti la theluji.

Sina haja ya kukuelezeni joto, nyie mmelelewa nalo. Lakini mlikuwa mnalijua mkiwa nje yake. Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani nalo. Jasho lilinitiririka mpaka kwenye viatu, nikawa nikitembea nasikia chwaka, chwaka.

Pale Kiponda wazee waliokaa barazani wakageuza shingo nilipopita. Mmoja akaniita.

“Bibi, kuna habari ya mvua ya mawe, au?”

“Hakuna, mzee. Shikamoo.”

“Marahaba. Basi hiyo homa. Nenda kapimwe damu, mwanangu.”

Nikampitia fundi cherehani. Kafunga. Watalii wawili, wamevaa kaptura na wamewiva kama kamba wa kuchemsha, wakanipiga picha. Na mbele kidogo nani? Wanafunzi wangu watatu wa darasa la sita, niliowaaga wiki iliyopita.

“Shikamoo Mwalimu Zuhura!”

“Marahaba,” nikajibu, kama mtu aliyevaa kawaida.

Mmoja akasema, “Mwalimu, una paka wengi.”

Nikageuka.

Lile kasha nililokalia lilikuwa linavuja. Nyuma yote ya koti, kuanzia kiunoni kwenda chini, ilikuwa imelowa maji ya samaki, na sasa barafu imeyeyuka na jua limeanza kulipika. Shombo lake, jamani! Na nyuma yangu wamejipanga paka wa Mji Mkongwe, wa kijivu, wa madoadoa, mmoja hana sikio, wanakuja taratibu kama wanasindikiza harusi. Nikawafukuza: “Ksss!” Wakakaa chini, wakaningoja. Nikaenda mbio, wakaenda mbio. (Mtu anayekimbia na koti la theluji saa sita mchana, nyuma ana paka wanane. Niambieni nyie mngefikiri nini.)

Nikafika kwetu Mkunazini roho iko puani. Nikausukuma mlango, nikapanda ngazi naita, “Mama! Mama, nimeweza!”

Viatu vilivyopangwa mlangoni sikuviona. Nikaingia ukumbini.

Mama. Pembeni yake Bi Salma, kavaa nguo ya kutokea. Pembeni yake shangazi zake Nassor wawili. Chetezo katikati kinafuka udi.

Udi ulijitahidi sekunde tatu, ukasalimu amri.

Nikafanya lile ninalolijua, adabu. Nikaenda moja kwa moja kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikainama kumbusu mkono.

“Shikamoo Mama.”

Na kutoka kwenye ile kofia ya manyoya iliyoning'inia nyuma ya shingo yangu akateleza samaki, kibua mzima, akapita sikioni kwangu, akaangukia mapajani kwa Bi Salma. Pa!

(Kumbe haikuwa barafu iliyoanguka kutoka kwenye rafu.)

Sijamaliza. Yule paka asiye na sikio alikuwa keshapanda ngazi. Aliruka kutoka mlangoni, akapita juu ya chetezo, akatua mapajani kwa mama mkwe, akamchukua kibua wake, akatoka. Hakumsalimu mtu.

Shangazi mmoja akapiga yowe. Mama akajishika kichwa.

“Zuhura! Umetoka wapi wewe?”

“Kwenye barafu, Mama,” nikasema, na machozi yananitoka. “Kwa Ami Kombo. Nimekaa nusu saa. Nusu saa nzima, na sikufa. Naweza kwenda.”

Nikamtazama Bi Salma. Alikuwa ameinamisha uso, mabega yanatikisika. Nikajua analia, nimemvunjia heshima mbele ya wifi zake. Kisha akainua kichwa.

Alikuwa anacheka! Anacheka mpaka hana sauti, anajifuta macho kwa ncha ya mtandio, anajaribu kusema anashindwa, anaanza upya. Shangazi wakaambukizwa. Mama akajizuia, akajizuia, mwisho akaachia.

Kicheko kilipomuishia, Bi Salma akasema, “Njoo hapa, mwanangu.” Akatoa sindano yake mkobani, akaagiza mshumaa, akanivutia karibu, pamoja na shombo langu. Akaipaka zipu nta, akaanza kuuchomoa mtandio uzi mmoja mmoja. Uso wake uko karibu na wangu kuliko siku yoyote.

“Nassor alipoondoka,” akasema polepole, kama anazungumza na zipu, “kila nikisikia kule kuna baridi nalala na shuka mbili. Nikidhani nikijifunika mimi, na yeye atapata joto.” Akavuta uzi. “Hizi siku tatu sikulala kabisa. Hanambii kama anakula, hanambii kama anaumwa. Namtaka mtu kule wa kunambia.”

Zipu ikashuka. Upepo ukaingia. Sijapata kuonja upepo mtamu kama ule.

Akamgeukia Mama. “Bi Asha, mie nilikuja hapa tukubaliane asubiri. Lakini huyu, baridi haikumfanya kitu. Kilichotaka kumuua ni jua letu. Mwache aende zake.”

Mama akainuka, akaenda kabatini, akainua mashuka, akatoa tiketi akanipa. Pamoja na jozi nne za soksi za Baba.

Koti nimelifua mara tatu, kwa sabuni, malimau na kijiko cha udi wa Bi Salma uliosagwa. Nassor anasema huko nguo ukiianika nje inasimama yenyewe kama ubao. Langu nimelianika juu ya paa, kabla ya magharibi likawa limekauka. Nimefungua barua pepe yake hapa sasa hivi, ametuma picha: wamechimba njia kwenye theluji, yeye na yule bibi wa Kipolandi, wote wameshika sepetu, wanacheka, jua limewaka nyuma yao. Kumbe hata huko linawaka.

Haya, wenzangu. Chekeni, sikukatazeni, hata mama mkwe kacheka. Ila mlioko huko karibu naye nakuombeni, mtu asimwambie Nassor. Hii nataka nimwambie mwenyewe, Ijumaa, uso kwa uso, nimuone anavyocheka bila ya simu kukatika.